Sauti ya mchungaji inapokauka hadi Alhamisi

*"Daktari, mimi ni mchungaji, nina miaka 46, na huu ni mwaka wa 11 nikilitumikia kanisa moja. Zamani nikihubiri Jumapili sauti ilikauka jioni, lakini Jumatatu asubuhi naamka mzima. Tangu miezi mitano hivi iliyopita ikawa inakaa hadi Jumatano, na sasa ni hadi Alhamisi. Ijumaa usiku tuna mkesha. Jumapili nina ibada mbili, na mimi ndiye ninayeongoza sifa kabla ya neno. Siku hiyo nafunga bila hata maji mpaka nishuke madhabahuni. Nimetumia tangawizi, asali na limau, mayai mabichi, na dawa za kumung'unya. Nyumbani nanong'ona ili kuipumzisha. Sivuti sigara wala sinywi pombe. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia hii ni vita ya kiroho. Rafiki yangu anasema nikapimwe kansa ya koo. Fundi wetu wa vyombo anasema tununue spika kubwa zaidi. Nikipunguza sauti, washirika wanaona moto umezimika. Nifanye nini, na je, nitaweza kuendelea kuhubiri?"*

Mchungaji, pole sana. Nimelisoma swali lako mara mbili, na chini ya maswali yote nimeona hofu moja: kwamba sauti uliyopewa kwa kazi hii inakwisha. Nianze hapo hapo. Kwa jinsi ulivyoeleza, hali yako inafanana sana na ya nyuzi za sauti zilizovimba kwa kufanyishwa kazi nzito bila kupewa muda wa kupona, na watu wengi wa namna hiyo hurudi kuhubiri. Lakini miezi mitano ni mingi. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu au nne bila sababu inayojulikana inatakiwa kuangaliwa, na yako imeshapita hapo mara kadhaa. Kwa hiyo kabla ya spika mpya, kabla ya dawa nyingine yoyote, na kabla ya kuwaza kuacha huduma, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mwambie unataka nyuzi za sauti zenyewe zionwe. Kufumbua kinywa na kusema "aaa" hakutoshi, kwa sababu nyuzi ziko chini kuliko pale tochi inapofika.

Kuhusu kansa, rafiki yako hakukosea kukutuma upimwe, ila amekutia hofu kuliko ilivyohitajika. Sauti inayoharibika baada ya kuhubiri na kurudi katikati ya wiki inaelekeza kwenye matumizi. Ile inayotokana na kansa kwa kawaida haipandi na kushuka kwa kalenda ya ibada. Hukwaruza siku zote na kuendelea kuwa mbaya. Hata hivyo hakuna daktari anayeweza kuiondoa kansa kwenye orodha kwa kusoma barua, na mimi sitafanya hivyo. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba kansa inayoanzia kwenye nyuzi za sauti hujitangaza mapema kwa sauti kukwaruza, na ikishikwa mapema hutibika vizuri sana. Ndiyo maana tunasisitiza kuangaliwa.

Kuhusu vita ya kiroho, hilo ni eneo lako kuliko langu. Ombewa, na uombewe na watu wanaokupenda. Ila kumbuka Eliya chini ya mretemu. Alikuwa amechoka hadi kuomba afe, na malaika hakuanza na mahubiri. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akaja tena mara ya pili akamlisha, ndipo ikaja habari ya safari.

Sasa weka vidole viwili kwenye zoloto, kile kifundo cha shingoni kinachopanda na kushuka unapomeza, kisha useme "mmmm". Mtetemo unaouhisi ndiyo kazi ya nyuzi zako. Tunaziita nyuzi, lakini hazifanani na za gitaa. Ni mikunjo miwili ya nyama laini, kama midomo midogo iliyolala kutoka mbele kwenda nyuma, na kwa mwanaume mzima urefu wake ni milimita 17 hadi 25 hivi. Ukipumua zinaachana. Ukitaka kusema zinasogeleana, pumzi inazisukuma zifunguke, kisha unyumbufu wake pamoja na mkondo wa hewa vinazirudisha zigongane. Mwanaume anapoongea kawaida zinagongana kama mara 120 kila sekunde. Kwa mwanamke ni kama mara 200.

Piga hesabu ya hubiri moja la saa nzima. Toa pumzi na vituo, tuseme nusu ya muda huo ndiyo yenye sauti. Mara 120 kwa sekunde 1,800 ni migongano 216,000. Ukipaza sauti, mlio wako unapanda pia. Ukifika mara 300 kwa sekunde, muda ule ule unakuwa na migongano 540,000, na kila mmoja una nguvu zaidi. Ongeza kuongoza sifa, ongeza ibada ya pili, na kumbuka kwamba mkesha wa Ijumaa ulishazikuta nyuzi hazijapona. Ukitaka kuona kinachotokea, piga makofi kwa nguvu dakika kumi kisha utazame viganja vyako. Vimekuwa vyekundu, vimejaa, vinawaka moto. Nyuzi za sauti nazo hufanya hivyo, ila wewe huzioni, na kwa kuwa haziumi kama kiganja unaendelea kupiga.

Chini ya ngozi nyembamba ya juu ya kila uzi kuna tabaka laini kama utelezi mzito, na hilo ndilo linalocheza sauti inapotoka. Likigongwa sana linajaa maji. Uzi uliojaa ni mzito, kwa hiyo sauti inakuwa nene, inakwaruza, na hewa inavuja kwa sababu kingo hazifungi sawasawa. Hapo ndipo mhubiri anapoanguka kwenye mtego: akisikia sauti imepungua anaongeza nguvu, nguvu inaongeza uvimbe, na uvimbe unadai nguvu zaidi. Ukikaa hivyo kwa miezi, panaweza kuota vinundu pande zote mbili. Hivyo ni sugu, kama ile inayoota gotini kwa mtu anayepiga magoti kila siku. Kwa wanaume tunaona zaidi kinyama cha upande mmoja, ambacho mara nyingine huanza baada ya siku moja ya kupiga kelele kupita kiasi na mshipa mdogo ukapasuka. Wachungaji wanawake wanaosoma hapa waangalie ile hesabu tena: kwa hubiri la urefu ule ule nyuzi zao, ambazo ni fupi, zinagongana karibu mara mbili, na vinundu vinawapata zaidi kuliko wanaume. Wasisubiri miezi mitano.

Kuziona nyuzi si jambo la kutisha. Mtu anayekumbukwa kwa kuziona zake mwenyewe zikifanya kazi alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García, mwaka 1854, akitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua. Mwaka uliofuata akawaeleza wanasayansi wa London. Leo tunapitisha kamera nyembamba puani, au kamera ya fimbo mdomoni, baada ya kupuliza dawa ya ganzi. Ni dakika chache. Penye taa inayowaka na kuzima kwa haraka, nyuzi zinaonekana kana kwamba zinacheza polepole, na daktari anaweza kukuonyesha kwenye skrini ni wapi zinakataa kufunga. Nimewahi kumwona mhubiri mzima akinyamaza kabisa mbele ya skrini ile. Alikuwa amehubiri miaka mingi, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kukiona chombo alichokuwa anakitumia.

Nije kwenye dawa zako za nyumbani. Kitu chochote unachomeza hakigusi nyuzi za sauti. Ukimeza, nyuzi zinafunga na kifuniko cha koromeo kinalala juu yake, chakula na maji vinapita nyuma kwenda tumboni. Kikigusa huko hata tone moja unapaliwa na kukohoa mpaka machozi yatoke. Kwa hiyo asali inatuliza koo na inasaidia kikohozi, na sina ugomvi nayo, lakini haizipaki nyuzi mafuta. Mayai mabichi hayafanyi kazi yoyote hapo, na yanaweza kukuletea salmonela, vijidudu vinavyoharisha, basi yaache. Limau na tangawizi kwa wingi humwongezea kiungulia mtu mwenye tumbo jepesi. Za kumung'unya zenye mentoli hukupa ubaridi huku zikikausha, na zile zenye ganzi ndizo mbaya zaidi kwa mhubiri, kwa sababu zinanyamazisha maumivu ambayo yangekuambia usimame.

Maji ndiyo kilainishi cha kweli, ila yanafika kwenye nyuzi kwa kupitia damu, na hilo huchukua saa kadhaa. Glasi unayokunywa mimbarini inalowesha kinywa. Maji yanayozilainisha nyuzi za Jumapili asubuhi ni yale uliyokunywa Jumamosi. Hapa nakugusa mahali nyeti. Kufunga bila maji siku hiyo hiyo unayoimba, unayohubiri mara mbili na kuwaombea watu ni kuendesha mashine bila oili. Nyuzi kavu zinahitaji msukumo mkubwa zaidi wa pumzi ili zianze kutetemeka, na zinaumia mapema. Sikuambii uache kufunga. Nakuomba uhamishe mfungo mkavu kwenye siku ambayo hupandi mimbarini, na Jumapili, kama moyo wako unataka kufunga, funga chakula na unywe maji. Mvuke unafika moja kwa moja kwa sababu unavutwa na pumzi: kaa karibu na maji ya moto, siyo yanayochemka, kwa dakika tano hadi kumi, bila kuongeza mafuta ya kuchua wala kitu kingine.

Tazama pia unavyofungua. Mtu aliyeshinda bila kitu, akatoka kanisani usiku, akala sahani iliyojaa na kulala saa hiyo hiyo, anaalika asidi ya tumboni ipande hadi kooni. Si lazima usikie kiungulia. Wengine wanaamka tu na sauti nzito, na kitu kama kimenasa kooni. Kula mapema au kidogo, na pisha saa mbili au tatu kabla ya kulala. Vidonge vya kupunguza asidi sitaki uvianze kwa kubahatisha. Vinasaidia pale palipo na dalili, na daktari akikuangalia atakuambia.

Na kunong'ona, Mchungaji, si kupumzisha. Watu wengi wanaponong'ona wanabana zoloto kwa nguvu ili hewa itoe maneno. Kupumzika ni kunyamaza, au kuongea kwa upole sauti ile ya mtu anayezungumza na aliyekaa kando yake. Kile kikohozi kidogo cha kusafisha koo kabla ya kila sentensi nacho ni kugonganisha nyuzi kwa kusudi, nacho kinazaa makohozi mengine ya kusafisha. Meza mate au funda la maji badala yake. Siku tatu za kwanza ni ngumu, kisha unasahau.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloamini ndilo linalokuumiza kuliko mengine yote, na halimo kwenye koo lako. Ni kelele. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujua, na kelele ikikoma hushusha bila kujua. Jambo hilo huwezi kulishinda kwa nia tu. Ni masikio yanayoiamuru sauti. Fikiria mimbari yako. Kinanda kinapigwa chini chini wakati wa neno, mpiga ngoma anagusagusa matoazi, washirika wanaitikia, na spika zote zimeelekea kwao, wewe umesimama nyuma yake. Wao wanakusikia vizuri mno, wewe hujisikii. Unapiga kelele kwenye maikrofoni iliyowashwa. Fundi akiongeza spika kubwa zaidi zinazotazama mbele, watu watasikia zaidi na masikio yako yatabaki pale pale.

Mwombe fundi kwanza spika moja ndogo ikuelekee wewe, ikiwa na sauti yako tu, bila kinanda. Kisha mwombe mpiga kinanda anyamaze mpaka wakati wa kualika. Kisha shika maikrofoni vizuri. Iweke sentimita tatu hadi tano kutoka mdomoni, ikiwa pembeni kidogo ya pumzi ili herufi "p" na "b" zisipige bomu. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inayoingia hushuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mhubiri anayeishika usawa wa kifua anamlazimisha fundi kupandisha mitambo, mitambo inaanza kupiga mluzi, fundi anashusha, mhubiri anapiga kelele. Wala usikifumbate kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, hilo nalo linaleta mluzi. Fanyeni jaribio Alhamisi jioni kanisa likiwa tupu: wewe zungumza kana kwamba unashauri mtu mmoja ofisini, fundi apandishe mpaka mtu aliyekaa benchi la mwisho asikie kila neno. Hiyo ndiyo sauti yako ya kuanzia Jumapili.

Najua kuna atakayesema watumishi wa zamani hawakuwa na maikrofoni. Ni kweli. George Whitefield alipohubiri Philadelphia mwaka 1739, Benjamin Franklin, mchapishaji wa mji huo, alirudi nyuma kwa miguu kuelekea mtoni mpaka pale kelele za mtaa zilipoifunika sauti. Akachora nusu duara kichwani, akampa kila msikilizaji futi mbili za mraba, akakadiria kwamba watu zaidi ya 30,000 wangeweza kumsikia. Lakini tazama alichokiandika kuhusu umati: walikuwa kimya kabisa. Na Bwana Yesu, makutano yalipomsonga ufuoni, aliingia chomboni, akasogea mbali kidogo, akaketi, akafundisha kutoka majini, mahali sauti inaposafiri vizuri bila kubanwa na watu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akishindana na ngoma.

Kuhusu moto kuzimika, hofu yako naielewa na siichukulii wepesi, maana ni hofu ya mtu anayewapenda watu wake. Ila hubiri lililo juu tangu mwanzo hadi mwisho, sikio linalizoea baada ya dakika chache, na ukitaka kusisitiza huna tena pa kupanda. Anza chini. Acha ukimya wa sekunde tatu kamili baada ya swali. Sentensi nzito kuliko zote iseme polepole, karibu na maikrofoni, kwa sauti ndogo, uone watu watakavyoinama mbele. Kisha, mahali pamoja au pawili, panda kweli kweli, ushuke. Nyuzi zinavumilia vilele. Zinachoka kwa kukaa kileleni saa nzima. Kuna wahubiri vijana wanaoiga mkwaruzo kwa makusudi wakidhani ndiyo alama ya upako. Mkwaruzo ni alama ya uvimbe, na ningependa wasikie hilo kutoka kwa mchungaji kama wewe kuliko kutoka kwangu.

Pengine umeshaambiwa "toa sauti tumboni". Hakuna sauti tumboni. Wanachojaribu kusema ni kwamba pumzi ifanye kazi badala ya shingo. Simama mbele ya kioo usome zaburi fupi kwa nguvu. Ukiona mishipa ya shingo imesimama, kidevu kimetoka mbele na mabega yamepanda, basi unasukuma kwa koo. Shusha mabega, acha mbavu za chini na tumbo vitanuke unapovuta hewa, na vuta hewa kabla haijakwisha kabisa. Wahubiri wengi huumia kwenye maneno manne ya mwisho ya sentensi ndefu, yale yanayosemwa hewa ikiwa imeisha.

Kuna zoezi moja ningekupa hata leo. Chukua mrija na glasi ya maji, mrija uingie majini kama sentimita mbili au tatu. Vuta pumzi, kisha toa "uuu" kupitia mrija ili maji yatoe mapovu huku sauti ikitoka. Usisukume. Mapovu yawe ya kutulia, midomo itetemeke kidogo, shingo ilale. Telezesha sauti kutoka nene kwenda nyembamba na kurudi, kisha ipitishe humo tuni ya wimbo unaoupenda. Maji yanarudisha msukumo juu ya nyuzi, hivyo zinatetemeka bila kugongana kwa nguvu. Dakika tano kabla ya ibada, dakika tano baada yake, na mara mbili tatu katikati ya wiki. Kama linauma, acha.

Na hiki ni kipimo cha kujua kama bado pana uvimbe: imba mstari mmoja wa wimbo kwa sauti nyembamba sana na ndogo sana, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Kama sauti inachelewa kuanza, au inatoka hewa tupu kwanza, uvimbe upo, hata kama ukiongea kawaida unajiona mzima. Fanya hivyo kila asubuhi kwa wiki mbili na uandike. Nina hakika utagundua kwamba Alhamisi unayosema umepona, bado hujapona, na Ijumaa unaingia mkeshani na jeraha.

Tiba itategemea kitakachoonekana, nami nakueleza wazi kila njia ina nini. Ikiwa ni uvimbe tu au vinundu laini, njia bora ni mazoezi ya sauti kwa mtaalamu pamoja na mabadiliko haya. Huchukua wiki kadhaa hadi miezi michache, na inadai uvumilivu. Kunyamaza kabisa kwa mwezi sikupendekezi, maana mtu hurudi mimbarini na tabia ile ile aliyoondoka nayo. Ikiwa ni kinyama, mara nyingi upasuaji mdogo unahitajika, siku kadhaa za kunyamaza zinafuata, na mazoezi hayakwepeki, la sivyo kinarudi. Antibayotiki haina kazi hapa pasipo maambukizi ya bakteria. Kuna pia sindano ya steroidi ya "kukuvusha Jumapili". Inapunguza uvimbe kwa haraka, na ndiyo hatari yake: unahubiri kwa nguvu zote juu ya nyuzi ambazo hazijapona. Nimeikubali mara chache, na kwa mtu ambaye nyuzi zake nimeshaziona kwa macho. Usiipokee kwa ambaye hajaziona zako.

Wakati unasubiri siku ya daktari, punguza mzigo. Sifa aongoze mtu mwingine, na wewe kaa, usiimbe kwa nguvu. Kwa hili peke yake huenda ukaokoa theluthi ya sauti yako ya siku nzima. Matangazo asome mzee wa kanisa. Ibada moja apewe mwinjilisti au msaidizi wako kwa wiki nne. Mkesha hudhuria ukiwa mwombaji wa kimya. Mlangoni baada ya ibada kwaya ikiwa bado inaimba, shika mikono na tabasamu. Mazungumzo yahamie nje au siku nyingine. Simu za Jumapili mchana apokee mwenzi wako au katibu. Jumatatu iwe siku ya sauti ndogo. Mhubiri Mwingereza Charles Spurgeon alipohubiri kwenye jengo la Crystal Palace, London, Jumatano ya tarehe 7 Oktoba 1857, watu 23,654 walihesabiwa kuingia. Alieleza mwenyewe kwamba hakujisikia amechoka, lakini alilala usiku ule asiamke mpaka Ijumaa asubuhi. Mwili wake ulidai ulichodai, na alikuwa na miaka 23 tu.

Usisubiri miadi ya kawaida ukiona mojawapo ya haya: sauti imekatika ghafla katikati ya kupaza, kama kitu kimekatika, pumzi inapita kwa shida au kwa mlio, unakohoa damu, kumeza kunakwama au kunauma, sikio moja linauma pasipo ugonjwa wa sikio, uvimbe umetokea shingoni, unakonda bila sababu, au sauti ilibadilika baada ya upasuaji wa shingo au kifua. Kwa lile la kwanza, nyamaza kabisa saa hiyo hiyo, hata kama ni katikati ya hubiri, usinywe aspirini kwa uamuzi wako, na uangaliwe siku hiyo au kesho yake. Huenda mshipa umepasuka, na kuendelea kusema kwaweza kuacha kovu lisiloondoka.

Siku ya kwenda, beba orodha ya dawa zote unazotumia, za shinikizo la damu na pumu zikiwemo, kwa kuwa baadhi huleta kikohozi kikavu au kukausha koo. Beba rekodi mbili za mahubiri kwenye simu, moja ya miaka mitatu iliyopita na moja ya mwezi huu. Zitamwambia daktari mengi. Waambie wazee wa kanisa kabla hujaenda, na uwaambie kwa maneno haya haya: huenda nyuzi za sauti zimevimba, zinahitaji wiki nne za kazi nusu, na ninakwenda kuangaliwa. Wakishajua ni jeraha, yule mzee aliyeona vita ya kiroho anaweza kuwa wa kwanza kushika matangazo ya Jumapili ijayo.